Tezi za desidua hazina vipokezi vya projesteroni ila stroma imejaa, hii ni kawaida kwenye mimba changa?

Slaidi_Dom

Wakuu habari za jioni. Naomba mnieleweshe jambo moja, hasa mlioko patholojia na wale wa wodi za wazazi.

Nipo mwaka wa mwisho wa maabara na utafiti wangu wa chuo ni vipokezi vya estrojeni na projesteroni kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Nimepewa bloku za zamani za parafini (vipande vya utando vilivyohifadhiwa kwenye nta), baadhi ni za wanawake wasio na mimba na baadhi ni desidua, yaani ule utando uliokwishabadilika kwa ajili ya mimba, zimetoka kwa kina mama waliosafishwa baada ya mimba kuharibika kati ya wiki ya 7 na ya 10. Nakata, naweka antibodi, penye kipokezi kiini cha seli kinakuwa kahawia, pasipo nacho kinabaki bluu, halafu nahesabu.

Bloku za nusu ya kwanza ya mzunguko hazina shida yoyote, kahawia kila mahali, tezi kahawia, stroma (zile seli za kati ya tezi na tezi) kahawia, kwa estrojeni na kwa projesteroni. Nikija kwenye desidua ndo nachanganyikiwa. Kwa projesteroni stroma iko kahawia vizuri tu, seli kubwa za duara zimejaa, lakini tezi zote bluu, bluu kabisa, na tezi zenyewe ukiziangalia zimepanuka zimejaa majimaji ndani, zinaonekana ziko kazini kuliko wakati mwingine wowote. Kwa estrojeni ndo usiseme, stroma hafifu na tezi karibu hakuna.

Toka kidato cha sita tunafundishwa kwamba homoni ya mimba ni projesteroni, bila hiyo mimba haikai. Sasa inakuwaje wakati damu imejaa projesteroni ndo tezi zinakosa pa kuipokelea? Nimerudia rangi na kontroli zimekubali. Msimamizi wangu amesema nitafute maelezo kwanza ndo anipe ya kwake. Na kingine, kama tezi hazina kipokezi, nani anaziambia zitoe yale majimaji?

---

PathoKandaYaZiwa

Rangi yako iko sawa mdogo wangu, usirudie tena, antibodi ni ghali na hakuna unachotafuta huko. Ulichokiona ndicho kilichopo kwenye kila desidua ya mimba changa, awe mama wa Dodoma au wa Helsinki.

Twende taratibu. Nusu ya kwanza ya mzunguko estrojeni ndo inatawala, na estrojeni ina tabia ya kuongeza vipokezi vyake yenyewe pamoja na vya projesteroni, ndo maana uliona kahawia kila kona. Yai likishatoka, ovari inaanza kumwaga projesteroni na projesteroni inafanya kinyume chake, inapunguza vipokezi vya estrojeni na inapunguza na vyake yenyewe. Ila haipunguzi sawasawa kila mahali, na hapa ndo penye utamu wote wa hii mada. Kwenye tezi za tabaka la juu na kwenye seli za usoni kabisa mwa utando vinashuka mpaka vinaisha au vinabaki kidogo sana, kwenye stroma vinabaki. Hili halikugunduliwa juzi, antibodi nzuri zilipoanza kupatikana miaka ya 1980 watu walipima utando hatua kwa hatua mzunguko mzima, kazi ya Bruce Lessey na wenzake ya 1988 ni mojawapo na bado inasomwa mpaka leo.

Sasa angalia muda. Vipokezi vya tezi vinaisha kwenye zile siku za kama 6 mpaka 10 baada ya LH (homoni inayolifanya yai litoke) kupanda, na hizo hizo ndo siku ambazo utando unakubali kiinitete. Allen Wilcox na wenzake kule Marekani walichapisha 1999 kazi ya kupima mkojo wa kila siku wa wanawake waliokuwa wanatafuta mimba, kwenye mimba zilizofika wiki 6 na kuendelea asilimia 84 zilijishika siku ya 8, 9 au 10 baada ya yai kutoka. Kwa hiyo tezi kunyamazia projesteroni ni sehemu ya utando kuwa tayari, wala sio hitilafu. Na zikichelewa kuvipoteza vipokezi hivyo ndo wataalamu wanaanza kuhisi kuna kasoro kwenye utando.

Swali lako la pili ndo zuri zaidi. Nani anaziambia tezi? Stroma. Projesteroni inaongea na stroma kisha stroma inaongea na tezi, ni kama tangazo la serikali ya mtaa, halibishi hodi kila mlango, linafika kwa mjumbe wa nyumba kumi na mjumbe ndo anazungusha. Seli ya stroma ikipokea projesteroni inabadilika umbo, ilikuwa nyembamba inakuwa nene ya duara, inaanza kutengeneza prolaktini na protini inaitwa IGFBP-1, na inatoa vichocheo vya ukuaji vinavyovuka kwenda kwenye tezi. Kwa panya wameonyesha vizuri zaidi, kuna jeni HAND2 inawashwa na projesteroni ndani ya stroma, kazi yake ni kuzima vichocheo ambavyo vingeifanya ngozi ya juu (zile seli za usoni mwa utando) iendelee kuzaliana kwa nguvu ya estrojeni. Yaani projesteroni inaituliza ngozi ya juu bila yenyewe kuigusa. Juu ya hapo kuna homoni ya hCG inayotoka kwenye kiinitete chenyewe, na ile prolaktini ya desidua, tezi zina kipokezi cha prolaktini hata kama cha projesteroni zimekitupa.

Na hayo majimaji uliyoyaona kwenye tezi usiyapite haraka. Graham Burton wa Cambridge na Eric Jauniaux wa London walionyesha 2002 kwamba miezi mitatu ya kwanza kiinitete cha binadamu kinalishwa sana na tezi hizo, kwa sababu damu ya mama haijaanza kupita kwa uhuru ndani ya kondo mpaka kama wiki ya 10 hadi 12. Mimi kila nikiiona slaidi ya wiki ya 7 nashangaa upya, tezi imejaa chakula na amri ya kukitengeneza imepita kwa mwingine.

Estrojeni kuwa hafifu nako ni kawaida, kazi ya kuujenga utando imeshaisha.

---

Mama_Nasra

Jamani samahani nadandia uzi, mimi sio mtu wa hospitali ila nimesoma hapa nimepata hofu naombeni mnijibu.

Mimba zangu mbili zilizotangulia zimetoka zote kabla ya wiki ya 9. Sasa nina ya tatu ina wiki 6 na nimeona matone ya damu kidogo, daktari akaniandikia Duphaston nameza. Kabla ya kuanza nilienda mwenyewe maabara moja ya mtaani nikapima projesteroni nikaambiwa iko chini, nikameza dawa, nikarudi kupima bado iko chini vile vile na yule kijana wa dirishani akaniambia hapo dawa haifanyi kazi mwilini mwako. Nimelia sana. Sasa leo nasoma hapa tezi hazina vipokezi, ina maana mimi ndo sina vipokezi kabisa? Ndo maana mimba hazikai? Na kama homoni haipandi na dawa namezea nini? Nisaidieni wapendwa maana mume wangu yuko safari na mama mkwe ananiambia ni upepo.

---

ZamuYaUsiku

Dada Mama_Nasra pole sana, na umefanya vizuri kuuliza. Mimi ni daktari niko kwenye masomo ya magonjwa ya kina mama. Sijakuona wala sijaona picha yako ya utrasaundi kwa hiyo nisichukuliwe kama daktari wako, ila hayo uliyoambiwa dirishani naweza kuyaweka sawa.

Kwanza tezi. Alichoandika PathoKandaYaZiwa ni cha kila mwanamke mwenye mimba, hata yule aliyejifungua salama watoto sita. Tezi zake zilipoteza vipokezi vya projesteroni kama zako na stroma yake ikabaki navyo. Usijihesabu kwenye ugonjwa kwa hilo.

Pili kipimo, na hapa naomba usome polepole. Duphaston ndani yake kuna didrojesteroni. Didrojesteroni ni kitu kilichotengenezwa kufanana na projesteroni kiasi cha kukubaliwa na kipokezi kile kile, lakini sio projesteroni yenyewe. Mashine ya maabara inatafuta projesteroni tu, didrojesteroni haihesabu. Kwa hiyo hata ukimeza kila siku kwa uaminifu namba ya kwenye karatasi haitapanda kwa sababu ya dawa, haijaumbwa kupandisha namba hiyo. Dawa inaenda kukaa kwenye vipokezi vya stroma huko ndani ya mfuko wa uzazi na kipimo cha damu hakioni huko. Yule kijana hakuwa na haki ya kukutia hofu namna ile.

Tatu hata projesteroni ya mwili wenyewe haikai kiwango kimoja. Ovari inaitoa kwa mapigo. Kuna kazi ya kina Filicori ya 1984, walichukua damu za wanawake kila baada ya dakika chache kwa masaa 24, nusu ya pili ya mzunguko, mtu huyo huyo alikuwa anatoka 2.3 anafika hadi 40 na kushuka tena siku hiyo hiyo. Sasa ukitolewa damu mara moja saa nne asubuhi ukaambiwa iko chini, imekamatwa kwenye bonde au kwenye kilima? Hakuna ajuaye. Ndo maana wengi wetu hatupimi kabisa kwa mama ambaye tayari tunajua tutampa dawa.

Nne kuna hili watu huwa hawaambiwi. Mara nyingi projesteroni ikiwa chini kweli kweli ni matokeo, sio chanzo. Kiinitete kikiwa na hitilafu kinatoa hCG kidogo, hCG ndo inayoichochea ile sehemu ya ovari inayotengeneza projesteroni, ikipungua na projesteroni inapungua. Na karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema zinakuwa na hitilafu ya kromosomu, hapo hata ukimwagiwa projesteroni ndoo nzima haitabadilisha kitu, na sio kosa la mama, sio upepo, sio kubeba maji wala kulala na mume.

Je dawa inasaidia au haisaidii? Nakupa ukweli nilionao. Uingereza na Uholanzi walifanya jaribio linaitwa PROMISE, matokeo 2015, wanawake 836 waliopoteza mimba mara kwa mara bila sababu kujulikana, nusu walipewa projesteroni nusu dawa tupu isiyo na kitu ndani, waliozaa watoto hai walikuwa asilimia 65.8 kwa 63.3, tofauti hiyo ni ndogo mno huwezi kuishikilia. Wakafanya jingine kubwa, PRISM, likatoka 2019, wanawake 4153 kwenye hospitali 48 za Uingereza, safari hii walikuwa na damu inatoka mimba ikiwa changa. Kwa ujumla asilimia 75 kwa 72. Lakini ukiwachukua wale wenye damu NA waliowahi kupoteza mimba faida inaonekana, waliowahi kupoteza tatu au zaidi ilikuwa asilimia 72 kwa 57. Ndo maana toka Novemba 2021 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu kule Uingereza, unasema mama mwenye damu mimba changa, ambaye aliwahi kupoteza mimba, na utrasaundi imeonyesha mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi, apewe projesteroni ya kuweka ukeni miligramu 400 mara mbili kwa siku. Wewe kwa maelezo yako unaangukia kwenye kundi hilo, mradi utrasaundi ithibitishe mimba iko ndani. Hao walitumia ya kuweka ukeni sio didrojesteroni, kwa hiyo mwulize daktari wako kuhusu hilo, ila USIACHE wala usibadilishe mwenyewe.

Na swali langu kwako, umeshapiga utrasaundi?

---

MifugoIringa

Mimi ni daktari wa mifugo nimevutiwa na huu uzi maana kwetu hii habari ya vipokezi ndo mkate wetu, ng'ombe asiposhika mfugaji anakula hasara.

Kwa ng'ombe na kondoo ni vile vile, kabla kiinitete hakijajishika tezi na ngozi ya juu ya mfuko wa uzazi zinapoteza vipokezi vya projesteroni na stroma inabaki navyo. Wale wa Texas, kina Fuller Bazer na Thomas Spencer, wamelifanyia kazi hili miaka mingi kwa kondoo. Kwa hiyo Slaidi_Dom unaweza kuandika kwenye mjadala wako kwamba sio jambo la binadamu peke yake.

Tofauti iko kwenye namna kiinitete kinavyojitambulisha. Binadamu anatumia hCG inaenda moja kwa moja kwenye ovari kuiambia usisinyae. Kwa ng'ombe kiinitete kinatoa kitu kinaitwa intafaroni tau, nacho hakiendi kuishikilia ovari, kinazuia vipokezi vya estrojeni visirudi kwenye ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi. Kwa nini? Kwa sababu vya estrojeni vikirudi vinaleta vipokezi vya oksitosini, vya oksitosini vikishakuwepo mfuko wa uzazi unaanza kutoa prostaglandini kwa mapigo, prostaglandini inaua ile sehemu ya ovari inayotengeneza projesteroni, mimba kwisha. Kwa kondoo hilo linatokea kama siku ya 12 na 13, kwa ng'ombe siku ya 16 na 17. Kiinitete kikichelewa kukua siku hizo ishara inakuwa ndogo na ng'ombe anarudi kwenye joto mfugaji anasema hakushika, kumbe alishika.

Yaani mimba nzima inategemea kipokezi gani kipo kwenye seli gani siku gani. Mimi nilipoelewa hilo ndo nikaanza kupenda uzazi kuliko kozi nyingine zote.

---

Slaidi_Dom

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga mkubwa. Mama_Nasra Mungu akutangulie.

PathoKandaYaZiwa naomba uniongezee mawili. Moja, kuna ushahidi gani wa wazi kwa binadamu kwamba kipokezi ndo kinachoshikilia mimba na sio wingi wa homoni tu? Msimamizi lazima ataniuliza. Mbili, kwenye stroma kuna viini vingi vidogo bluu vimechanganyikana na vile vikubwa kahawia, nikivihesabu vyote asilimia ya stroma inashuka sana, inakuwa kama stroma nayo imepoteza.

---

PathoKandaYaZiwa

Naanza na la pili maana hilo litakuharibia takwimu. Hivyo viini vidogo bluu sio stroma. Ni seli za kinga, nyingi zake zinaitwa seli NK za mfuko wa uzazi, na kwenye desidua ya miezi mitatu ya kwanza zinafika kama asilimia 70 ya seli nyeupe zote zilizomo. Hizo hazina kile kipokezi cha projesteroni unachokipima, zinaletwa na kutunzwa na seli za desidua kwa njia ya protini ya mawasiliano iitwayo intalukini 15, yaani nazo amri ya projesteroni zinaipata kupitia stroma. Ukizihesabu kama stroma utaandika kwamba stroma haina vipokezi na utakuwa umesema uongo bila kujua. Omba antibodi ya CD56, alama ya seli hizo za NK, upige slaidi ya jirani kutoka bloku hiyo hiyo, zitajitokeza zenyewe, kisha hesabu viini vikubwa vya duara tu.

Na matokeo yako usiyajumlishe. Watu wengi wanatoa namba moja ya utando mzima, hiyo namba haina maana. Tezi peke yake, stroma peke yake, na uandike ni tabaka gani, kwa sababu tezi za tabaka la chini kabisa, lile lisilotoka kwenye hedhi, huwa zinabaki na vipokezi. Ukikuta tezi chache kahawia pembeni ya slaidi angalia kwanza kama hauko huko chini karibu na misuli.

Kitu kingine, kwenye desidua utakutana na tezi ambazo viini vyake ni vikubwa mno, vyeusi, vinachungulia kwenye uwazi wa tezi, vinatisha. Javier Arias-Stella, mpatholojia wa Peru, alivielezea 1954. Ni mabadiliko ya mimba sio kansa, na kuna watu wamewahi kuandikiwa kansa kwa sababu aliyesoma slaidi hakuambiwa kwamba mgonjwa ana mimba. Andika umri wa mimba kwenye kila slaidi.

Sasa ushahidi. Kwa panya mambo yako wazi, 1995 John Lydon na wenzake walitoa panya wasio na jeni ya kipokezi cha projesteroni kabisa. Homoni wanayo, kipokezi hawana, matokeo yake ni tasa na desidua haijengeki hata uisisimue vipi. Jeni hiyo ni moja lakini inatoa vipokezi viwili, PR-A na PR-B, na wengi wa antibodi tunazotumia zinashika vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo angalia karatasi ya antibodi yako inasema nini kabla hujaandika kwamba umepima PR.

Kwa binadamu ushahidi mkubwa ni mifepristoni, ile dawa ya kutoa mimba iliyotengenezwa na kampuni ya Roussel Uclaf na kuruhusiwa Ufaransa 1988. Inakaa kwenye kipokezi cha projesteroni kwa nguvu kuliko projesteroni yenyewe, na ikikaa hapo kipokezi hakifanyi kazi. Damu ya mama inaweza kuwa imejaa projesteroni ya kutosha lakini desidua inaanza kubomoka kwa sababu stroma haisikii tena. Hapo huhitaji maelezo mengi mbele ya msimamizi.

Na kama unataka utangulizi mzuri wa ripoti yako, kumbuka hii habari ya vipokezi vya homoni za namna hii ilianzia kwenye mfuko wa uzazi. Elwood Jensen kule Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwapa panya wachanga estrojeni yenye alama ya mnururisho, akaona damu na misuli ya kawaida inaipitisha tu lakini mfuko wa uzazi unaing'ang'ania. Kinachoing'ang'ania ndo kikaja kuitwa kipokezi cha estrojeni. Kutoka hapo ndo tukapata hata kipimo cha vipokezi kwenye kansa ya matiti kinachofanyika kila siku kwenye maabara hiyo hiyo uliyopo.

---

Mama_Nasra

Daktari ZamuYaUsiku Mungu akubariki, nimesoma mara nyingi na nimemsomea dada yangu kwa sauti. Ile ya namba kutopanda kwa Duphaston hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Utrasaundi bado sijapiga, daktari aliandika ila nilitumia hela kwenye vile vipimo vya damu. Nimepata ya kukopa naenda kesho asubuhi. Naomba kuuliza dawa hizi zinamezwa mpaka lini? Kuna mtu ananiambia mpaka nijifungue.

---

ZamuYaUsiku

Hapana sio mpaka kujifungua. Mwanzoni projesteroni inatoka kwenye ovari, baadaye kondo linachukua kazi hiyo, na kupokezana huko kunatokea kama wiki ya 7 mpaka ya 9. Arpad Csapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionyesha kwamba ile sehemu ya ovari ikiondolewa kabla ya wiki ya 7 mimba inatoka, ikiondolewa baada ya kama wiki ya 9 mimba kwa kawaida inaendelea yenyewe. Mwongozo wa NICE wenyewe unasema ikiwa mapigo ya moyo yameonekana endelea mpaka utimize wiki 16, kwa hiyo uko upande wa usalama kabisa. Daktari wako ndo atakupangia lini uache.

Hiyo ya kesho usiiahirishe dada yangu, ina uzito kuliko vipimo vyote vya projesteroni ulivyolipia. Tunataka kujua mimba iko ndani ya mfuko wa uzazi, kwa sababu matone ya damu wiki ya 6 yanaweza pia kuwa mimba iliyotunga nje na hapo dawa hii haina kazi. Usiku huu ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au bega linauma bila sababu, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au damu ikajaza pedi, usisubiri asubuhi, mwamshe dada yako mwende hospitali moja kwa moja.

Wakikupima wiki ya 6 wakakosa mapigo usikubali kuambiwa mimba imekufa siku hiyo hiyo, inaweza kuwa ni changa kuliko tarehe zako zinavyosema, waambie wakupangie kurudia baada ya wiki moja au mbili. Na beba kadi yako na orodha ya dawa unazomeza. Utuandikie wamesema nini.